Moteri ya Turbo na Kopo la Kukamata Mafuta: Lazima ao Si Lazima?

Ndugu watumikaji wa shimoni, wa garaji na wa makamyo, na ninyi mama na vijana wa nyumbani, leo ukurasa wetu wa usalama na afya unazungumza juu ya kitu kidogo kinacholeta maneno mengi. Kitu hicho ni kopo la kukamata mafuta ya moteri.

Pengine umekwisha kuliona. Ni kopo la aluminiamu, lenye mabomba mawili ya kaucho, linalofungwa pembeni ya moteri. Wanaoliuza wanasema: «Moteri yako iko na turbo? Inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda? Basi bila kopo hili itakufa upesi.» Wengine wanajibu: «Ni uongo. Fabriki ingeona linahitajika, ingelitia yenyewe.» Nani anasema kweli?

Neno hili si la wapenda motokari peke yao. Linagusa franka za nyumba yako. Linagusa mapafu ya ndugu anayefanya kazi chini ya ardhi. Tena linagusa moto, adui mkubwa wa kila mtu anayeendesha mtambo wa mazutu. Kwa hiyo tuliangalie polepole, toka mwanzo.

MOTERI NAYO INA PUMZI

Ndani ya silinda, pistoni inakandamiza hewa, mafuta yanawaka, na nguvu ya moto inasukuma pistoni chini. Ili nguvu hiyo isipite pembeni, pistoni imevikwa pete za chuma, ndizo segma. Segma zinafunga vizuri, lakini hazifungi kabisa. Kila mara mafuta yanapowaka, sehemu ndogo ya hewa na moshi inapenya kati ya segma na ukuta wa silinda, halafu inashuka chini katika karteri, mahali panapokaa mafuta ya kulainisha.

Fanya hesabu mwenyewe. Moteri ya silinda 4 inayozunguka mara 3.000 kwa dakika inawasha moto mara 6.000 katika dakika hiyo moja. Kila mara kidogo kinapenya. Kidogo mara 6.000 si kidogo tena.

Moshi huo unakutana na mafuta ya moto yanayorushwa huku na huku na mtambo. Unachukua matone madogo sana ya mafuta, mvuke wa maji, masizi, na mafuta ya kuwakia ambayo hayakuungua. Hiyo ndiyo tunaita hapa pumzi ya moteri. Kila moteri inayo, mpya ao nzee. Moteri nzima ina pumzi ndogo, na moteri iliyolika ina pumzi nyingi.

Pumzi hiyo lazima ipate njia ya kutoka. Ikikosa njia, itasukuma joenti na mpira wa kufungia shafti mpaka mafuta yamwagike inje.

KWA NINI TURBO INAONGEZA PUMZI

Turbo ni pampu ya hewa. Moshi wa eksosi unazungusha gurudumu moja, na gurudumu la pili, lililo kwenye shafti ile ile, linasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Katika motokari ndogo shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100.000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi yanaweza kuwaka, na nguvu inaongezeka. Lakini mkandamizo nao unapanda. Katika moteri za mazutu za leo mkandamizo wa moto ndani ya silinda unaweza kupita bari 150. Kwa hiyo hewa inayopenya segma inaongezeka pia.

Kuna sababu ya pili. Shafti ya turbo inalainishwa na mafuta ya moteri. Mafuta hayo yanarudi katika karteri kwa uzito wake tu, bila pampu. Kama karteri imejaa pumzi isiyopata njia, mafuta ya turbo hayawezi kushuka. Yanatafuta njia nyingine: upande wa hewa ao upande wa eksosi. Mekanisien wengi wamebadilisha turbo nzima, kumbe ugonjwa ulikuwa bomba la pumzi lililoziba.

ZAMANI PUMZI ILITUPWA INJE

Moteri za zamani zilikuwa na bomba moja tu linaloelekea chini, na pumzi ilianguka barabarani. Ndiyo maana barabara za zamani zilikuwa na mstari mweusi katikati. Katika miaka ya 1960, jimbo la California huko Marekani lililazimisha motokari mpya kurudisha pumzi ndani ya moteri, ili iungue pamoja na esansi. Njia hiyo ikaenea duniani. Leo motokari karibu zote zinafanya hivyo: bomba linatoka karteri ao kifuniko cha supapa, linaingia katika njia ya hewa.

Moteri kubwa za mazutu zilichelewa. Huko Marekani, moteri za makamyo zenye turbo ziliachiwa kutupa pumzi yao inje mpaka sheria ya mwaka 2007 ilipoanza. Tangu hapo pumzi lazima irudishwe ndani, ao ihesabiwe pamoja na moshi wa eksosi. Lakini katika mitambo mikubwa ya migodi bado utaona bomba la pumzi likielekea chini, hasa katika mitambo ya miaka ya nyuma.

SASA INGIA MAFUTA YA MOJA KWA MOJA

Hapa tufungue macho, kwa sababu moteri ya esansi na moteri ya mazutu hazina ugonjwa mmoja.

Moteri ya esansi. Katika moteri nyingi za zamani enjektere inapiga esansi mbele ya supapa ya kuingiza hewa. Esansi inapita juu ya supapa na kuiosha. Matone ya mafuta yanayorudi na pumzi yanaoshwa nayo. Lakini katika moteri inayopiga moja kwa moja, enjektere iko ndani ya silinda. Mitsubishi ilianza kuuza motokari za namna hiyo kwa wingi katika mwaka 1996, na fabriki nyingine zikafuata. Moteri hizo zinakula esansi kidogo na zina nguvu. Lakini sasa hakuna kinachoosha supapa. Matone ya mafuta yanatua mgongoni mwa supapa ya moto, yanakauka, yanakuwa makaa magumu. Nyuma ya kilometa nyingi njia ya hewa inakuwa nyembamba. Moteri inatetemeka asubuhi, inapoteza nguvu, inakula esansi zaidi. Katika garaji zenye vyombo wanasafisha supapa kwa kuzipulizia maganda ya jozi yaliyosagwa. Fabriki nyingine zimetafuta dawa yao wenyewe: Toyota, katika moteri inazoziita D-4S, imetia enjektere mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja mbele ya supapa, na ile ya mbele inaosha.

Moteri ya mazutu. Hapa mazutu hayakuwahi kuosha supapa, hata zamani. Kwa hiyo usimwogopeshe mwenye kamyo kwa hadithi ya esansi. Ugonjwa wa mazutu unatoka kwingine. Moteri nyingi za mazutu za leo zina valvu inayorudisha sehemu ya moshi wa eksosi ndani ya njia ya hewa, ili moto wa silinda upoe na moshi wenye sumu upungue. Moshi huo una masizi. Masizi yakikutana na mafuta ya pumzi, yanafanya ugali mweusi unaofunga njia ya hewa. Masizi peke yake ni makavu, na mafuta peke yake yanateleza. Yakiwa pamoja yanashika kama lami.

KOPO LINAFANYA KAZI GANI?

Kopo linafungwa katikati ya bomba la pumzi. Pumzi inaingia, inapunguza mwendo, inagonga kuta ao wavu wa chuma, inapoa kidogo. Matone yanashikana, yanakuwa makubwa, yanaanguka chini. Hewa iliyobaki inaendelea kwenda njia ya hewa. Wewe kazi yako ni kumwaga kilichokamatwa.

Jua mambo matatu. La kwanza: kopo halikamati yote. Matone ya pumzi ni madogo sana kuliko vumbi. Kopo tupu lisilo na wavu ao kitambaa cha kuchuja ndani linaacha sehemu kubwa ipite, hata kama limepakwa rangi nzuri. La pili: kopo lililofungwa pembeni ya turbo linapata moto, na mvuke haupoi. La tatu: moteri nyingi za leo tayari zina kitenganishi chake toka fabriki, ndani ya kifuniko cha supapa ao pembeni ya karteri, na mafuta yanarudi yenyewe chini. Watu hawakijui kwa sababu hakionekani.

BASI, MOTERI YANGU INALIHITAJI?

Tujibu kwa kila mtu kufuatana na moteri yake.

«Niko na Land Cruiser ya mazutu yenye moteri ya 1HZ.» Moteri hiyo ya lita 4,2 haina turbo toka fabriki, wala haipigi mazutu moja kwa moja ndani ya silinda. Maneno haya hayakuhusu. Weka franka zako.

«Niko na pikapu ya mazutu ya turbo, iko nzima.» Si lazima. Kitenganishi cha fabriki kinatosha kama bomba lake liko wazi na vidanji inafanywa kwa wakati. Ukitaka kopo zuri, litapunguza mafuta katika bomba la turbo na radiatere ya hewa, na ugali mweusi utajikusanya polepole. Lakini lifungwe na mtu anayejua, na limwagwe.

«Niko na motokari ndogo ya esansi, turbo, inayopiga moja kwa moja, niliyoleta toka Dubai ao Japani.» Hapa kopo lina maana zaidi, hasa kama moteri ni ya namna inayojulikana kwa makaa ya supapa, na kama unaikaza kila siku. Lakini kopo linachelewesha makaa. Haliondoi makaa yaliyokwisha kushika. Kwanza uliza kama moteri yako ina enjektere mbili kwa silinda. Kama inazo, usijisumbue.

«Moteri yangu inamwaga mafuta mengi katika bomba la hewa, nataka kopo ili lisimame.» Simama wewe kwanza! Moteri hiyo inakuambia kwamba ni mgonjwa. Segma zimelika, ao bomba la pumzi limeziba, ao turbo imechoka, ao umetia mafuta kupita alama. Kopo hapa ni kama ndoo chini ya paa linalovuja. Maji hayaangukii kitanda, lakini paa bado limetoboka.

«Ninaendesha mtambo wa kampani.» Usifunge kopo wala bomba lolote wewe mwenyewe. Mtambo wa kazi unabadilishwa kwa ruhusa ya garaji na watu wa usalama tu. Kwa moteri kubwa kuna filtri za pumzi zilizopimwa kwa moteri hiyo, zenye valvu ya kufunguka kama filtri inaziba. Makopo mengi ya dukani hayana valvu hiyo.

HATARI YA KWANZA: KOPO LILILOSAHAULIWA

Kopo likijaa, halikamati tena. Siku moja unapanda mlima, moteri inavuta kwa nguvu, na mafuta yote yaliyokusanyika yananyonywa kwa mara moja.

Katika moteri ya esansi utaona moshi wa bluu na buji zitachafuka. Katika moteri ya mazutu ni neno zito zaidi. Moteri ya mazutu haihitaji buji ili iwashe. Kila kitu kinachoweza kuungua kikiingia pamoja na hewa, inakiunguza. Mafuta ya kulainisha yanakuwa chakula chake. Mwendo unapanda wenyewe, unazima ufunguo, na moteri haizimiki, kwa sababu hailishwi tena na pampu ya mazutu. Inaendelea mpaka mafuta yaishe ao mpaka ivunjike. Turbo iliyovunjika inaweza kuleta jambo hilo hilo.

Kama hilo linakupata katika motokari yenye gia za mkono, na imesimama: kanyaga breki kwa nguvu, vuta breki ya mkono, tia gia ya juu kabisa, halafu achilia klachi. Mzigo utaizima. Kama haiwezekani, toka na uondoke mbali, ukiwaita watu wengine waondoke pia. Vipande vya chuma vinaweza kuruka. Katika garaji, mtu aliyefundishwa anaweza kufunga njia ya hewa kwa bamba gumu ao kupulizia kizima moto cha gazi ya kaboni katika mdomo wa hewa. Lakini usiweke mkono, tumbo wala kitambaa mbele ya mdomo wa hewa! Turbo inavuta kwa nguvu kuliko unavyodhani, na mkono wako hautabaki mzima.

HATARI YA PILI: MOTO

Upande wa eksosi wa turbo ya mazutu yenye mzigo unaweza kupita digrii 500. Mafuta ya moteri yakiangukia chuma cha moto namna hiyo yanawaka bila cheche. Angalia basi njia tatu za kufika huko. Bomba la kopo la bei rahisi, lisilostahimili mafuta na joto, linalainika na kupasuka. Ao bomba limepindwa, pumzi inakosa njia, na joenti ya kifuniko inatema mafuta. Ao kopo limefungwa juu ya eksosi na linavuja tone kwa tone.

Katika uwanja wazi moto huo unakula mtambo. Chini ya ardhi unakula hewa ya kila mtu. Moshi wa skupu moja inayowaka unafuata upepo wa shimo na kuwafikia ndugu walio mbali ambao hawajaona moto wowote. Ndiyo maana mbele ya kuanza kazi lazima uangalie moteri kwa taa: mafuta mapya juu ya turbo, kitambaa kilichosahauliwa, bomba lililolegea. Ukiona mafuta pale, usiseme «Nitaandika kesho.» Usiwashe. Mwite kapita.

Kama moto unatokea kazini: zima moteri, piga kizima moto cha mtambo, shuka upande usio na moto, toa habari kwa radio, vaa kifaa chako cha kujiokoa, na ufuate njia ya upepo safi vile ulivyofundishwa. Mtambo unanunuliwa tena. Mtu hanunuliwi.

HATARI YA TATU: PUMZI KATIKA MAPAFU YAKO

Kuna watu wanaofunga kopo lenye tundu wazi juu. Pumzi haiendi tena katika moteri, inaingia katika hewa. «Supapa zangu ziko safi,» wanasema. Ni kweli. Lakini sasa supapa ni wewe. Pumzi hiyo ina matone ya mafuta, masizi, mvuke wa mazutu ao esansi, na gazi ya sumu ya moshi. Inaingia katika kabina kwa njia ya vumbi na ya hewa ya baridi. Kichwa kinauma, macho yanawasha, usingizi unakuja juu ya usukani.

Chini ya ardhi neno hili ni kubwa zaidi, kwa sababu hewa inaletwa kwa bomba na ventilateri, haiji yenyewe. Mnamo Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka moshi wa moteri za mazutu katika kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kabisa kuleta kansa kwa watu. Sehemu ya ushuhuda ilitoka kwa wachimbaji kama wewe: watafiti wa Marekani walifuata watumikaji 12.315 wa migodi 8, na waliona kwamba waliovuta moshi wa mazutu mwingi zaidi ndio waliokufa zaidi kwa kansa ya mapafu.

Pumzi ya karteri ni sehemu ndogo kuliko moshi wa eksosi, lakini inatoka karibu na mwendeshaji, tena haipiti katika filtri ya eksosi. Mtambo unaweza kuwa na filtri nzuri ya masizi nyuma na bomba wazi la pumzi chini ya kiti chako. Kwa hiyo, ukiwa shimoni na unaona moshi mweupe ao wa bluu unatoka chini ya moteri, si katika eksosi, andika katika kitabu cha mtambo. Mweleze mekanisien maneno haya mawili: «pumzi nyingi». Ataelewa.

NYUMBANI: MAMA NA WATOTO WASIKIE

Kinachotoka katika kopo si mafuta mazuri. Ni mchanganyiko wa mafuta, maji, asidi, masizi na esansi ao mazutu. Usiurudishe katika moteri. Unawaka kwa urahisi, kwa hiyo usiumwage karibu na mbabula ao sigara.

Usiutie katika chupa ya Fanta ao ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Mtoto akinywa mafuta ya namna hiyo, usimlazimishe kutapika, kwa sababu yanaweza kuingia katika mapafu. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Usiyapake juu ya kidonda wala juu ya ngozi yenye upele. Mafuta machafu ya moteri yakigusa ngozi kila siku, miaka mingi, yanaweza kuleta ugonjwa wa ngozi, hata kansa. Nawa mikono kwa sabuni, si kwa esansi. Nguo za garaji zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto. Tena usimwage katika shimo la taka, bustani ao mtaro: mvua ya kwanza itayapeleka katika kisima. Kusanya katika bidoni yenye kifuniko na jina, uipeleke katika garaji inayopokea mafuta machafu.

MAMBO YA KUFANYA MBELE YA KUNUNUA KOPO

Kopo zuri linagharimu franka nyingi. Mambo haya yanagharimu kidogo, na yanalinda moteri kuliko kopo:

1. Chunga filtri ya hewa. Katika kiangazi, toka Mei mpaka Septemba, vumbi la barabara zetu ni kama msasa. Vumbi likipita, linalika segma, na segma zikilika pumzi inaongezeka. Filtri iliyopasuka ao iliyopulizwa ovyo kwa kompresa ni mwizi aliyefunguliwa mlango.

2. Fanya vidanji kwa wakati. Fuata kitabu cha moteri. Kama unafanya kazi katika vumbi na mzigo, usingoje mpaka mwisho wa kipimo.

3. Tia mafuta yale fabriki iliyoandika. Mafuta ya bei rahisi yanageuka mvuke upesi katika joto, na mvuke huo ndio unaokwenda katika supapa.

4. Usipite alama ya juu ya kijiti. Mafuta yakiwa mengi, mtambo unayapiga kama povu, na pumzi inachukua matone mengi zaidi.

5. Safisha ao badilisha valvu na bomba la pumzi. Mara nyingi ni kipande kidogo, na ndicho kilichokuwa kinasumbua.

6. Acha moteri ipumue polepole dakika chache mbele ya kuizima, kama umetoka kubeba mzigo. Turbo itapoa na mafuta hayataungulia ndani yake.

7. Usifanye safari fupi fupi tu. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai moteri isiyopata joto inakusanya maji. Ute mweupe kidogo katika kopo ao chini ya kifuniko si ajabu wakati huo. Lakini kama ute mweupe uko katika kijiti chenyewe, na maji ya radiatere yanapungua, mpelekee mekanisien: pengine joenti ya kichwa cha moteri imeungua.

KAMA UMEKWISHA KUFUNGA KOPO

Chagua lililofungwa, lenye wavu ao filtri ndani, lisilo na tundu wazi. Lifunge mbali na turbo na eksosi, mahali panapopata upepo, kwa vyuma visivyolegea. Tumia bomba linalostahimili mafuta, la upana ule ule wa fabriki, lisilopindika. Usiondoe valvu ya pumzi ya fabriki ili uweke kopo mahali pake.

Katika juma la kwanza lifungue kila siku mbili, moteri ikiwa imepoa. Utajua linajaa kwa kilometa ngapi. Halafu weka zamu: limwagwe mbele halijafika nusu. Andika kipimo katika daftari. Daftari hilo ni daktari wa bure. Kama mwezi uliopita ulimwaga kidogo, na mwezi huu, kwa safari zile zile, unamwaga mara mbili, basi segma, turbo ao bomba vinaomba kuangaliwa. Hapo kopo limekufaa kweli, kwa sababu limekuambia habari ya moteri mbele haijavunjika.

JIBU LETU

Lazima ao si lazima? Kwa moteri nyingi zilizo nzima, si lazima. Kwa moteri ya esansi yenye turbo inayopiga moja kwa moja, linasaidia kama ni kopo zuri na mwenyewe analimwaga. Kwa moteri ya mazutu ya pikapu, linasaidia kidogo, na likisahauliwa linaweza kuua moteri nzima. Kwa moteri iliyolika, linaficha ugonjwa. Na kwa mtambo wa kampani, neno ni la garaji na la watu wa usalama, si la dereva peke yake.

Ndugu mtumikaji, kesho mbele ya kuwasha, piga taa kwenye turbo, gusa mabomba, na uangalie kijiti. Dakika tano zinatosha. Na kama unaona mafuta mahali yasipopaswa kuwa, sema. Usione haya kwamba utachelewesha kazi. Wanaokungoja nyumbani wanataka ufike mzima.